Nani Ana Ruhusa ya Kuzima Bembea?

Video ya ile nguzo imerudi tena. Wenye kumbukumbu wanaijua: treni ya burudani inapita kwenye reli zake kwa kasi, na juu ya nguzo moja ya chuma panaonekana ufa uliokata bomba zima. Treni ikipita, vipande viwili vya nguzo vinaachana, halafu vinarudiana kana kwamba hakuna kilichotokea. Si video ya kutengeneza. Ni tukio la Juni 30, 2023, kwenye rola kosta iitwayo Fury 325 katika bustani ya burudani ya Carowinds, mpakani mwa majimbo ya North Carolina na South Carolina, Marekani. Safari hii imefika kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Tabora ikiwa na maneno mapya chini yake: wazazi wasipeleke watoto kwenye mabembea ya mashine sikukuu, maana kama Mmarekani ameshindwa, sisi ni nani? Mabishano yakafuata. Mmoja anataka mabembea yapigwe marufuku. Wa pili anasema dawa ni kila mwenye mashine kuwa na cheti cha ukaguzi. Wa tatu anawacheka wote: Tabora hatuna rola kosta hata moja, hofu ya nini?

Kwa maoni yangu wote watatu wameisoma video ile vibaya, na wa pili, ambaye anaonekana mwenye busara kuliko wenzake, ndiye atakayetupeleka pabaya zaidi tukimfuata bila kumhoji. Fury 325 ilikuwa na cheti. Kilichokosekana pale hakikuwa karatasi. Ukizifuatilia ajali kubwa za mashine za burudani, moja baada ya nyingine, utakuta mara nyingi chuma kilishatoa dalili, au kuna mtu alishakuwa na sababu ya kutosha ya kusimamisha mashine, na mashine haikusimama. Kwa hiyo swali la kwanza la usalama ni hili: nani ana ruhusa ya kuizima leo, foleni ikiwa ndefu, na akiizima anapoteza nini? Cheti kina kazi yake, na nitaieleza, lakini ni kazi ndogo kuliko tunayokitwisha.

Tuanze na nguzo yenyewe. Fury 325 ilifunguliwa mwaka 2015, kazi ya kampuni ya Uswisi ya Bolliger & Mabillard, ambayo katika fani hii si ya kubeza. Namba 325 ni kimo chake kwa futi, karibu mita 99, na treni yake hufika kilomita 153 kwa saa. Aliyeuona ufa alikuwa mgeni tu wa bustani, akaupiga video, akatoa taarifa, na mashine ikafungwa. Baadaye zikajitokeza picha zilizopigwa siku kadhaa kabla yake, na ndani ya picha hizo ufa tayari upo. Nguzo mpya ikatengenezwa na kusimikwa, treni zikazungushwa mara 500 bila abiria, na Agosti 10 mwaka huohuo watu wakaruhusiwa kupanda tena. Hakuna aliyeumia. Hili la mwisho wasambazaji wa video hawalisemi, nalo ndilo lenye uzito: nguzo ilikatika na treni haikuanguka, kwa kuwa mzigo ulibebwa na reli pamoja na nguzo za jirani. Anayeitumia video ile kuthibitisha kwamba Wazungu hawajui kujenga anatumia ushahidi unaosema kinyume chake. Ujenzi ulistahimili. Waliolegea ni watu waliokuwa na wajibu wa kutazama.

Na hapa inabidi tuelewane kuhusu chuma, kwa sababu ubishi mwingi unaanzia kwenye dhana kwamba chuma kizuri hakikatiki. Chukua waya, ukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza hauna neno, mara ya kumi nao hauna neno, ghafla unabaki na vipande viwili mkononi. Nguzo ya rola kosta nayo husukumwa na kurudi kila treni inapopita, mara elfu, mara laki. Penye alama ya kuchomelea, penye kona kali, penye tundu la boliti, hapo ndipo ufa huzaliwa, mwembamba kuliko unywele. Unakaa muda mrefu ukikua taratibu, kisha mwishoni unakimbia. Mafundi wanauita uchovu wa chuma. Maana yake kwa ukaguzi ni nzito: cheti kilichotolewa mwanzoni mwa mwaka hakina la kusema kuhusu Juni. Mkaguzi anaweza kuwa mwaminifu, mwenye elimu na vifaa, asipokee hata soda, na bado asione kitu ambacho siku ile hakikuwa kimefika cha kuonekana.

Mwenye kutetea cheti anaweza kunikatiza hapa, tena kwa haki. Uongozi wa Carowinds wenyewe ulisema mashine zake hukaguliwa kila siku. Kama ukaguzi wa kila siku nao ulipitwa na ufa unaoonekana kwa simu ya mgeni, basi wa kila siku ni bora kwa lipi kuliko wa kila mwaka? Sina jibu jepesi. Ninachoweza kusema ni kwamba ukaguzi wa kila siku kwenye mashine kubwa hugeuka mazoea: fundi anapita njia ileile, anagusa vitu vilevile, na macho yake yanazoea kutazama treni, breki na mikanda ya abiria, kwa sababu huko ndiko hitilafu za kila wiki zinakotokea. Nguzo ikishasimama miaka minane bila neno, inakuwa sehemu ya mandhari. Baada ya tukio lile bustani ilitangaza kwamba itaanza kutumia droni zenye kamera kukagua sehemu zisizofikika kirahisi. Hilo ni kukiri kwamba tatizo lilikuwa mahali pa kusimama na kitu cha kutazama. Ziara za ukaguzi zilikuwepo za kutosha.

Lakini Fury 325 ni kisa chepesi, hakina maiti. Twende Osaka. Mei 5, 2007, sikukuu ya watoto Japani, katika bustani ya Expoland, ekseli ya behewa moja la rola kosta ya Fujin Raijin II ilikatika treni ikiwa kwenye mwendo. Msichana wa miaka 19 alifariki na watu 19 wakajeruhiwa. Mashine ile ilianza kazi mwaka 1992, na ekseli hazikuwahi kubadilishwa kwa miaka yote 15. Kuna kipimo maalumu cha kutafuta nyufa ndani ya ekseli bila kuiharibu. Kilitakiwa kufanyika kwenye ukaguzi wa mwaka, mwezi Februari, kikaahirishwa hadi katikati ya Mei. Kati ya Februari na katikati ya Mei kuna Golden Week, wiki ya likizo ambayo Wajapani hujazana kwenye bustani za burudani. Na ripoti iliyopelekwa kwa manispaa ilionesha mambo yako sawa, ilhali kipimo hakijafanyika. Manispaa ilikuwa na karatasi yake. Ekseli nayo ilikuwa na ufa wake.

Halafu kuna bustani ya burudani ya Alton Towers, Uingereza, Juni 2, 2015. Kwenye rola kosta ya Smiler, treni yenye abiria 16 iligonga treni tupu iliyokuwa imekwama mbele yake. Watu watano waliumia vibaya sana, na wasichana wawili kila mmoja akapoteza mguu. Wachunguzi wa serikali hawakukuta kasoro kwenye reli, kwenye mabehewa wala kwenye mfumo wa kuongoza mashine. Mfumo ulifanya kazi yake barabara: uliona kuna kitu mbele, ukaizuia treni isiendelee. Mafundi, wakiamini kwamba mfumo umekosea, ndio waliouzidi nguvu na kuiruhusu treni iende. Kampuni ya Merlin, inayoiendesha bustani hiyo, ilipigwa faini ya pauni milioni 5 mwaka uliofuata. Ungeleta mkaguzi gani pale asubuhi ile, akagua nini, mashine ikiwa nzima? Ajali ilikuwa ndani ya uamuzi wa dakika chache, siku yenye watu wengi, wa watu waliotaka treni zizunguke. Visa hivi viwili havifanani kiufundi hata kidogo, kimoja ni ufa wa chuma na kingine ni binadamu na kompyuta, ila vyote vinakutana kwenye kona moja: kusimama kulikuwa na gharama inayoonekana papo hapo, na kuendelea kulikuwa na hatari isiyoonekana.

Sasa nimpe mwenye kutetea cheti hoja yake iliyo bora kuliko zote, ambayo wala hakuitumia. Julai 26, 2017, kwenye maonesho ya jimbo la Ohio mjini Columbus, mashine iitwayo Fire Ball ilivunjika ikiwa hewani. Hii si rola kosta. Ni ya kuhamahama, inayofunguliwa, kupakiwa kwenye malori na kufungwa upya mji unaofuata, yenye mkono mrefu unaoyumba huku viti vinazunguka. Kijana wa miaka 18 alifariki na wengine saba wakajeruhiwa. Mashine ilikuwa imepita ukaguzi siku hiyohiyo. Kampuni iliyoitengeneza, KMG ya Uholanzi, ilichunguza na kusema kwamba kutu ilikuwa imekula bomba la kubebea viti kwa ndani, hadi unene wa chuma ukapungua kupita kiasi. Kwa nje, rangi. Hakuna kijana wa tiketi, hata angekuwa mkali vipi, ambaye angeiona kutu ile. Hapo anahitajika mtu mwenye kifaa kinachopima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, na mtu huyo hawezi kuwa mwenye mashine pekee. Kwa hiyo cheti kina kazi: kushuhudia yale ambayo macho hayafiki. Ohio ilibadili sheria yake mwaka 2019 ili kutu na uchovu wa chuma vitafutwe kwa makusudi na kumbukumbu za matengenezo ziwekwe. Na kwa wanaopenda kujua, wakaguzi wa mabembea wa Ohio wako chini ya idara ya kilimo. Ndiyo, kilimo. Tusicheke sana, kwetu pia mabembea makubwa huingia mjini kwa mgongo wa mahindi na alizeti, wakati wa Nane Nane.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya mcheshi wetu wa tatu: hatuna rola kosta, vyetu ni vidogo, haviendi kasi. Ni kweli hatuna rola kosta. Tunavyo viti vya minyororo, farasi wa kuzunguka, magurudumu ya kupandia watoto, na visafari vya treni ndogo vinavyosukumwa na injini ambayo jana ilikuwa inasaga au inapampu maji. Fire Ball nayo haikuwa rola kosta. Udogo haukupi usalama kama unavyodhaniwa. Mashine kubwa ya bustani imesimikwa kwenye zege, ina mchoro, ina mfumo wa kuizuia isikosee, na inabaki palepale mwaka mzima. Mashine ndogo ya kuhamahama hukazwa boliti na kulegezwa kila wiki, husafiri juu ya lori kwenye barabara zetu, husimamishwa juu ya mchanga na vipande vya mbao za kusawazishia, na mabomba yake hulala nje masika yote yakinywa maji kupitia matundu ya boliti. Maradhi ya Fire Ball, yaani kutu ya ndani, ni maradhi ya mashine za aina hii hasa. Kasi ndogo hupunguza ukubwa wa ajali, sikatai. Lakini mtoto wa miaka sita anayedondoka kutoka mita tatu kwenye ardhi ya Tabora ya kiangazi, ngumu kama sakafu, hahitaji kilomita 153 kwa saa.

Kuna pia takwimu inayopenda kunukuliwa na watetezi wa biashara hii, kutoka chama cha kimataifa cha bustani za burudani, kwamba kwenye bustani za kudumu za Marekani uwezekano wa kuumia vibaya ni mara moja katika safari milioni 15.5. Sina sababu ya kuipinga. Inahusu bustani za kudumu, na inahusu mahali ambapo mtu fulani anaamka alfajiri na tochi kabla geti halijafunguliwa. Kuichukua namba ile na kuibandika kwenye uwanja ambako hayo hayafanyiki ni kuvaa medali ya mbio ambazo hukukimbia. Na kwa wale wanaosema ajali ni kazi ya Mungu, mashehe wetu wenyewe hutufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo tumtegemee Mungu.

Hapa nilete kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu bila hicho haya yote yatabaki ya Wajapani na Wamarekani. Wakati mmoja wa Nane Nane, viwanja vya Ipuli, nilisimama karibu na bembea la viti vinavyoning'inia kwa minyororo. Kila mnyororo ulishikwa juu kwa pini nene ya chuma, na kwenye ncha ya pini kuna kikulabu cha kuizuia isichomoke. Kwenye viti viwili vikulabu havikuwepo. Palipitishwa msumari wa inchi nne, ukapindwa kwa nyundo. Kijana wa tiketi akaniona nimekodoa macho, akanisalimia shikamoo, kisha akasema, "Usiwe na wasiwasi mzee, huo msumari ni mgumu kuliko kikulabu chenyewe." Nikamwomba basi avifunge viti vile viwili visitumike mpaka kipatikane kikulabu. Akacheka kwa adabu. "Mzee, bosi anahesabu viti."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi ya tatizo hili. Kijana yule hakuwa mjinga, wala hakuwa katili. Alijua pale pana kitu kisichokaa sawa, ndiyo maana alikuwa na jibu tayari kabla sijauliza. Ila alikuwa analipwa kwa siku, bosi wake anapiga hesabu ya viti mara mizunguko mara buku, na ushuru wa uwanja umeshalipwa iwe bembea linazunguka au limelala. Katika mpangilio huo, mtu pekee anayeweza kuona hatari ndiye pekee asiyeweza kumudu kuisema. Mletee mkaguzi kutoka Dodoma, atoe cheti chenye mhuri, kibandikwe kwenye kibanda cha tiketi. Kesho yake kikulabu kingine kitapotea wakati wa kufunga mashine usiku, na msumari utapatikana.

Msumari una ndugu zake wakubwa. Juni 25, 2023, siku tano tu kabla ya ile video ya Marekani, rola kosta ya Jetline katika bustani ya Gröna Lund mjini Stockholm, Uswidi, iliacha njia. Mtu mmoja alifariki na tisa wakajeruhiwa. Kilichokatika ni mkono wa chuma unaoshikilia magurudumu ya behewa, tena si wa zamani: ulikuwa wa kubadilishia, umetengenezwa upya karakana nyingine, na uchunguzi ulionesha haukuwa imara kama ulivyotakiwa kuwa. Nchi tajiri, bustani yenye jina, na bado kipuri kiliingia kwenye mashine bila mtu kukilinganisha ipasavyo na kile kinachopaswa kuwa pale. Mwaka 1986, kule Edmonton nchini Kanada, watu watatu walikufa kwenye Mindbender baada ya boliti kutoka kwenye mkusanyiko wa magurudumu ya behewa la nyuma. Mashine ilitengenezwa Ujerumani, na sehemu ya maelekezo yake ya kiufundi ilikuwa bado katika Kijerumani. Nafikiria ni mashine ngapi kati ya zinazozunguka kanda yetu zilizofika na kitabu chochote cha maelekezo, na katika hizo, ngapi fundi wake anaweza kukisoma.

Watu wa Tabora wana sababu ya kuelewa haya kuliko wengi, maana mji huu umekulia kwenye reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo maisha ya watu yamekuwa yakitegemea kazi ambazo abiria hawazioni: gengi linalotembea juu ya mataruma likitazama boliti moja moja, fundi wa mabehewa anayegonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza kama linalia sawasawa au limefifia, kwa sababu chuma chenye ufa hakilii kama chuma kizima. Breki hupimwa kabla treni haijaondoka stesheni. Reli ina vyeti pia, lakini hakuna mzee wa reli atakayekwambia treni inafika Kigoma kwa nguvu ya cheti. Na tunajua pia mambo yanavyokwenda yakienda vibaya. Juni 24, 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko hadi ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Miaka 30 kabla yake, Mei 1972, watoto watano walikufa kwenye rola kosta ya Big Dipper katika bustani ya Battersea, London: treni ya burudani iliachia kamba ya kuipandisha mlima, kizuizi cha kuizuia isirudi nyuma kikashindwa, ikarudi. Ukubwa wa maafa haya mawili haulinganishiki kabisa, lakini fundi wa reli wa hapa akisimuliwa cha Battersea hahitaji kuelezwa mara mbili.

Sasa, tufanye nini? Kupiga marufuku ni rahisi kuandika, lakini watoto watapanda tu. Bembea litahamia uwanja wa mtu binafsi nje ya mji ambako hata polisi hapiti. Sheria mpya nayo si lazima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo ndiyo inayoipa meno OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, haimlindi mfanyakazi peke yake. Imetungwa pia kuwalinda watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na kazi ya wengine. Bembea ni mahali pa kazi. Mtoto aliye juu yake ni mtu asiye mfanyakazi. Kisheria yumo ndani tayari, ingawa mabishano yetu yote yanakwenda kana kwamba hayumo.

Pengo liko kwenye mkataba wa uwanja, karatasi ambayo hakuna anayeijadili. Mwenye mashine anapokuja Nane Nane, Idi au Krismasi, anakodi ardhi. Mwenye ardhi, mara nyingi taasisi ya umma, anachukua ushuru wake na kugeuka. Pale ndipo pa kuweka masharti, kwa sababu pale ndipo mwenye mashine anapoomba kitu. Sharti la cheti liwepo, kwa kazi yake halisi: unene wa mabomba upimwe mashine inapofika, ikiwa imeshafungwa na kusimama, na mtu asiyelipwa na mwenye mashine. Mji wenye karakana ya reli na chuo cha VETA kinachofundisha uchomeleaji hauwezi kusema hauna mtu wa kumtuma atazame kiungo. Liwepo pia daftari la asubuhi, kwa Kiswahili, lenye jina la aliyekagua kila kiti na kila pini, lililotundikwa pale mzazi anaposimama kununua tiketi, pamoja na namba ya simu ya kupiga akiona msumari. Hayo ni ya kawaida, na yakisimama peke yake yatageuka mazoea kama ya Carowinds. Daftari litajazwa jioni kwa kalamu moja.

Kifungu ninachokipigania ni kingine, na hakigharimu mashine yoyote. Ushuru wa uwanja usitozwe kwa siku ambayo bembea limesimamishwa kwa hitilafu, na kiti kilichofungwa kisihesabiwe. Kijana wa tiketi alipwe posho yake ya siku hiyo, iandikwe kwenye mkataba, ili akisema kiti hiki hakipandwi asiwe amejinyima chakula cha jioni. Ruhusa ya kuzima mashine iwe yake kwa maandishi, na bosi akiiwasha kinyume na neno lake, sahihi iwe ya bosi. Ukirudi kwenye Osaka na Alton Towers ukauliza ni kitu gani kilikosekana, utaona kilikuwa aina ya kifungu hiki: kitu cha kuifanya siku ya kusimama iwe nafuu kidogo, ili mtu aweze kuichagua.

Nimemweleza wazo hili rafiki yangu aliyewahi kusimamia viwanja, akaniambia litatumiwa vibaya. Wenye mashine watadanganya. Siku wateja wakiwa haba, watatangaza hitilafu ili wasilipe ushuru. Baadhi watafanya hivyo, sina shaka. Hasara ya halmashauri itakuwa ushuru wa siku moja, wa uwanja ambao siku hiyo haukuwa na watu.